Nina kazi na nyumba, lakini kuishi peke yangu kumenishinda

Shikamoo mama,

Mimi ni kijana wa miaka 24, mzaliwa wa Bungoma, kitinda mimba katika familia ya wavulana watatu. Nilimaliza chuo mwaka jana, na Mungu akanijalia kazi ya karani wa ghala katika kampuni moja hapa Nakuru. Nimepanga chumba mtaa wa Free Area. Nyumbani wananihesabu kuwa nimefaulu, wala sina wa kumweleza ninayopitia, ndiyo maana nimekuandikia.

Tangu nitoke jandoni Agosti 2014, mama alinikataza kukanyaga jikoni. Alisema mwanamume mzima hashiki mwiko. Chakula nililetewa, nguo nilifuliwa na binamu zangu, na chuoni nilikula kwenye mesi. Sasa niko peke yangu na sijui hata kuchemsha maharagwe. Nakula chipsi na chapati za kibandani asubuhi, mchana na jioni, na siku nyingi chakula pekee kinanitoka shilingi 350. Nilijaribu kukaanga mayai, mafuta yakanirukia mkononi. Jirani akaniambia nipake dawa ya meno, nikapaka, pakawa kidonda ambacho hakijapona vizuri mpaka leo.

Mshahara tulikubaliana 35,000, lakini zinazofika kwenye akaunti ni 29,500 na kitu. Naona aibu kuuliza zingine huenda wapi. Nikishalipa nyumba na kutuma nyumbani, tarehe 12 hainikuti na kitu. Mama hupiga simu wakati wowote: mwezi uliopita ilikuwa mbolea, mwezi huu matanga ya jirani. Siwezi kumkatalia mama yangu. Kwa hiyo nakopa kwenye simu. Nina madeni ya programu tatu za mikopo, na moja ilimpigia mkubwa wangu kazini ikamwambia mimi ni mtu wa kutoroka na pesa za watu. Nilitamani ardhi inimeze. Juzi tena nimepata ujumbe kwamba nadaiwa faini na KRA, mamlaka ya ushuru, na sijawahi kufanya biashara yoyote maishani mwangu.

Baridi ya Nakuru nayo si ya kwetu. Usiku huwa nawasha jiko la makaa nje, yakishika naliingiza ndani, nafunga dirisha na kulala. Asubuhi kichwa huniuma, nafikiri ni kwa sababu ya mawazo.

Nina mchumba anayefanya kazi Kisumu. Nilimwambia tufunge ndoa haraka ili maisha yangu yapate mpangilio. Akanijibu kwamba hataki kuolewa ili awe yaya wangu. Maneno hayo yalinichoma. Je, amenidharau? Na mtu wa umri wangu anaanzia wapi kujifunza mambo ambayo wenzake wanayajua tayari?

Kijana wa Bungoma, Nakuru


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Katika barua yako yote kuna jambo moja ulilolipita mbio, nalo ndilo lililonifanya nikujibu kabla ya wengine. Jiko. Hicho kichwa cha asubuhi usikilaumu kwa mawazo. Makaa yakiwaka mahali pasipopita hewa hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta huingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Mtu huhisi kichwa kizito, kichefuchefu, mwili kulegea, halafu usingizi, na usingizi huo ndio unaomzuia kuamka. Watu hudanganyika kama ulivyodanganyika wewe: wanawasha jiko nje, wanangoja moshi uishe, makaa yakiwa mekundu mazuri wanaliingiza ndani wakidhani sasa ni salama. Moshi ndio ulioisha. Gesi ingali inatoka, na kila msimu wa baridi nchini tunazika watu waliolala hivyo, wakati mwingine mume, mke na watoto katika chumba kimoja.

Usiku wa leo jiko lilale nje. Nenda kwenye mitumba ununue blanketi zito, vaa soksi, jaza maji moto kwenye chupa isiyovuja, uifunge kwa kitambaa na kuiweka miguuni. Dirisha acha upenyo hata kama baridi inauma. Na ikitokea umeamka na kichwa hicho huku jiko likiwa ndani, toka nje kwanza upate hewa, kisha uende hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba ulilala na jiko la makaa, maana asipojua atakutibu malaria.

Sasa tuje jikoni. Sitamlaumu mama yako, kwani alikulea alivyoona wanaume wa kwao wakilelewa. Desturi ya jando naiheshimu pia. Lakini kumbuka kijana akishatahiriwa hutolewa nyumbani kwa mama yake akapewa simba yake, yaani kibanda chake cha ujana, ili aanze kujisimamia. Huko kujisimamia ndiko ulikonyimwa. Mwanamume anayeshindwa kula mpaka mwanamke afike bado yuko nyumbani kwa mama, hata kama kodi ya nyumba analipa yeye. Na kwenye matanga huko kwetu magharibi, ni nani husimama kwenye yale masufuria makubwa ya nyama? Ni wanaume, na hakuna anayewacheka.

Nunua meko, yaani mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichwa cha kupikia juu yake. Ukishafunga kichwa chake, paka povu la sabuni pale mtungi unapoungana na kichwa. Ukiona mapovu yanafura, gesi inavuja, funga valvu na urudishe dukani. Usijaribu kamwe kutafuta uvujaji kwa kiberiti. Siku ukinusa gesi ndani ya nyumba, usiguse swichi ya taa, iwe kuwasha au kuzima. Fungua mlango wazi, kwani gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hukaa chini sakafuni.

Anza na ugali. Ngoja maji yatokote kweli, yasiwe yale yanayoanza tu kutoa mvuke. Nyunyiza unga kidogo, koroga, uache uchemke kama uji mwepesi. Kisha ongeza unga na uanze kusonga, ukibana mwiko kwenye ukingo wa sufuria ili mabonge yavunjike. Utachoka mkono, na hiyo ndiyo dalili kwamba unafanya inavyotakiwa. Ukiona ugali umeshikana na unaachana na sufuria, punguza moto, ufunike, uuache uive bila kuuchokora. Ukianza kunukia kama mahindi ya kuchoma, geuza mara ya mwisho na uupakue. Wa kwanza utakuwa na mabonge, na utaula. Mama mboga wa mtaani kwako atakukatia sukuma wiki ukimwomba, na wengi wao huuza maharagwe yaliyochemshwa tayari kwa kikombe, hivyo hata bila kujua mengi unaweza kula chakula cha nyumbani kuanzia wiki hii.

Ukiamua kuchemsha maharagwe mwenyewe, yaloweke usiku, mwaga yale maji, tia mapya, na uyachemshe kwa moto mkali dakika 10 za kwanza kabla ya kupunguza. Maharagwe, hasa yale mekundu, yakiliwa kabla hayajaiva yana sumu inayotapisha na kuharisha. Huna friji, kwa hiyo pika ya siku mbili tu na uyachemshe tena kila jioni. Fanya hivyo na ile 350 ya kila siku, ambayo kwa mwezi ni zaidi ya shilingi 10,000, itapungua mno. Sikukatazi chipsi siku ya Ijumaa.

Huo mkono upeleke kliniki ukaangaliwe, kwani kidonda cha moto kisichopona huweza kuwa kimeingia vijidudu. Siku nyingine ukiungua, kimbilia mfereji uache maji ya baridi yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20. Dawa ya meno, siagi, yai, unga: vyote hivyo hufungia joto ndani au huchafua jeraha. Jirani alikutakia mema, lakini alikuumiza.

Kuhusu mshahara, usione aibu kuuliza. Karatasi ya mshahara ni haki yako, nayo mwajiri anatakiwa akupe. Tuihesabu pamoja. Kwa 35,000, SHA, yaani bima ya afya ya serikali, hukata asilimia 2.75, yaani 962.50. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 525. NSSF, akiba yako ya uzeeni, ni asilimia 6, yaani 2,100. Hizo tatu ni 3,587.50, na kinachobaki mpaka kufika hapo kwenye 29,500 ni PAYE, kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara. Kwa hesabu hiyo hakuna anayekuibia. Lakini kukatwa ni jambo moja, na pesa kufika zinakotakiwa ni jambo jingine. Piga *147# uone kama SHA wanakutambua na michango yako imeingia, na uangalie akaunti yako ya NSSF kwenye mtandao. Kuna vijana wengi ambao hugundua siku ya kulazwa hospitalini kwamba walikuwa wakikatwa bure.

Angalia pia kama HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, imo kwenye makato hayo, ikiwa ulisomea mkopo wao. Marejesho hutakiwa kuanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayenyamaza hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Waandikie wewe mapema kabla hawajakutafuta wao.

Ile faini ya KRA ina maelezo rahisi. Bila shaka ulichukua PIN ulipokuwa chuoni. Kila mwenye PIN hutakiwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi, ya mwaka uliotangulia kabla ya Juni 30 kuisha, hata kama hakupata senti, na anayekosa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Miaka uliyokuwa mwanafunzi bila mapato unawasilisha ya sifuri. Mwaka uliofanya kazi usikubali mtu akuwekee sifuri. Mwombe mwajiri fomu ya P9, inayoonyesha mshahara wako wa mwaka na kodi uliyokatwa, na ujaze yaliyomo humo. Nasisitiza hili kwa sababu vijana wengi wa saiba, yale maduka ya intaneti, huwekea kila mteja sifuri ili wamalize haraka, na wengine hufungua akaunti ya iTax, tovuti ya KRA, kwa barua pepe yao wenyewe, ukapoteza udhibiti wa mambo yako. Nenda Huduma Centre pale mjini, usaidiwe, na nywila iwe yako peke yako.

Madeni ya simu ndiyo yanayokula jasho lako. Leo jioni piga *334# uitishe taarifa yako ya M-Pesa ya miezi mitatu. Chukua kalamu mbili za rangi. Piga mstari kwa rangi moja chini ya kila mkopo uliochukua na kila ada uliyotozwa, na kwa rangi nyingine chini ya kila shilingi iliyoenda kwa chakula cha nje na boda. Usijilaani unapofanya hivyo. Unataka tu kuona kwa macho, maana kichwani kila mtu huamini ametumia kidogo. Kisha simamisha kukopa kwa huyu ili kumlipa yule. Malizana kwanza na deni lenye ada kubwa, zungumza na hao wengine wawili ulipe kidogo kidogo, na ukishamaliza futa programu zao kwenye simu.

Ile iliyompigia mkubwa wako ilivunja sheria. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Angalia kama jina lao limo kwenye orodha ya waliopewa leseni na Benki Kuu, weka ushahidi, na upeleke malalamiko Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Deni bado ni lako na utalilipa. Heshima yako lakini haikuwekwa rehani. Mwone mkubwa wako faraghani umwambie ukweli kwa sentensi mbili: unadaiwa, na umepanga kulipa.

Mwanangu, hapa kwa mama ndipo penye ugumu, na hakuna hesabu itakayokusaidia usipopakabili. Hukumkatalia chochote, lakini fikiria: pesa ulizotuma za mbolea, ni ngapi kati ya hizo zilikuwa mkopo? Mama yako hajui. Angejua, huenda angekuwa wa kwanza kukuzuia. Anaamini mtoto wake ana mshahara mnono mjini kwa sababu wewe umemwacha aamini hivyo. Usimwambie kwa simu akiwa sokoni. Safari yako ijayo ya nyumbani, jioni mkishakula, keti naye. Sema hivi, au kwa maneno yako: “Mama, mshahara wangu ni huu, kodi ya nyumba ni hii, na madeni ni haya. Kila mwisho wa mwezi nitakutumia 4,000 hata usiponiomba. Ugonjwa ukitokea, nipigie saa yoyote. Lakini mengine ya katikati ya mwezi sitakuwa nayo, na sitaki kukudanganya.” Halafu nyamaza umsikilize. Anaweza kununa, mvumilie. Ahadi hiyo itunze kuliko unavyotunza kazi yako, kwa sababu mzazi anayejua 4,000 zitakuja kwa hakika hupanga vizuri kuliko anayepiga simu kwa kubahatisha. Kiasi chenyewe unaweza kukibadili kulingana na madeni yako, mradi kiwe kinatoka kwenye mshahara na si kwenye mkopo.

Mshahara ukiingia, siku hiyo hiyo lipa nyumba, tuma ya mama, nunua unga, mchele, mafuta, maharagwe, sabuni na tokeni za stima za mwezi mzima, na utoe sehemu ya deni. Kinachobaki ndicho cha matumizi. Wengi hufanya kinyume, wakaanza na raha ya wikendi.

Mawili madogo. Kodi ya nyumba usimpe keateka, mtunzaji wa ploti, mkononi bila risiti. Ilipe kwa nambari iliyo kwenye mkataba, na ujumbe wake uuhifadhi. Na kwa kuwa uko Nakuru, ulizia maji ya kwenye ploti yako yanatoka wapi. Visima vingi vya eneo hilo vina floraidi nyingi, na kuchemsha huua vijidudu lakini hakuiondoi. Maji ya mvua, au chujio la mkaa wa mifupa, yatakufaa kwa kunywa.

Umeniuliza kama mchumba wako amekudharau. Hapana. Amekwambia jambo ambalo wanawake wengi hulitambua wakiwa tayari na watoto wawili, na amekwambia kabla ya harusi, jambo linaloonyesha anakuchukulia kwa uzito. Ulimwomba ndoa kama dawa ya chumba kichafu na njaa ya jioni. Mwombe radhi kwa hilo, bila maelezo marefu, na suala la kuoana uliweke kando mpaka madeni hayo matatu yaishe. Akija kukutembelea kutoka Kisumu, pika wewe, na vyombo uoshe wewe hata akijitolea. Mkishakula, mwonyeshe ile taarifa ya M-Pesa uliyoichora rangi, naye akueleze anachodaiwa yeye. Hayo mtu huyajua kabla ya wazee kupeleka posa.

Mama yako wa ushauri